Kitako cha Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na maduka na majiko kama sisi, kisimani palitundikwa tenga moja lililoitwa Tenga la Wote. Ukitaka kusuka lako, unaliiga bure. Ukigundua namna iliyo bora, unakuja kulirekebisha lile lile, kisha unafunga ukindu wa rangi yako hapo ulipotengeneza, wenzako wajue nani wa kumsifu na nani wa kumuuliza.

Siku moja Bi Kindi alikuwa akivuka mto na tenga la karanga alilolisuka kwa kuiga lile la kisimani, chakula cha wanawe watano. Katikati ya maji, kwacha! Kitako kikaachia. Karanga zote, chubwi, chubwi, zikaenda na mto.

Ng'ambo palikuwa na duka la Mzee Kiboko, muuza matenga mkubwa kuliko wote, kila tenga na ukindu wake mwekundu. Kindi akaingia huku analia, akapindua moja. Kitako kigumu kama jiwe, tena kimepakwa udongo kuficha msuko.

"Mzee Kiboko! Kumbe ulijua kitako cha kisimani kinaachia?"

"Tangu mwaka juzi," akajibu Kiboko. "Mimi hukalia kila tenga kabla ya kuliuza. Nimevunja arobaini ndipo nikapata dawa."

"Na hukuirudisha kisimani?"

"Ebo! Niirudishe nipate nini? Hii siri ya duka. Unataka, nunua!"

"Kusuka kwenyewe si ulijifunza pale pale kisimani? Nani alikutoza hata punje?"

"Nitokee hapa!" Kiboko akanyakua tenga amfukuze nalo. Pyu! Mshikio ukachomoka. "Mishikio hii! Wateja wanarudisha kila siku!"

Kindi alilisikia hilo. Akaondoka kwa hasira. Nusu ya mavuno yake ya karanga ilikuwa bado shambani, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Wanawe wangekula nini?

Asubuhi akaenda kisimani, akalifunga Tenga la Wote kitako kibovu, legelege. Juu yake akafunga ukindu mwekundu.

"Jamani eee! Njooni muone kitako cha Mzee Kiboko!"

Wakaja. Kima, msukaji mwenye vidole vyepesi, akatia mkono mmoja tu. Kwacha! Wote wakaangua kicheko.

"Hivi ndivyo vitako anavyotuuzia?"

Habari zikamfika mwenyewe. Puu, puu, puu, akaja anatweta.

"Uongo! Hicho si changu!"

"Na ukindu huu?" Kindi akauliza kwa upole.

"Si changu nasema! Leteni fito! Tazameni, ninyi wote, ufito unapita chini, unarudi juu, unafungwa mara mbili hapa. Mmeona?" Akamaliza, akalikalia kwa uzito wake wote. Tenga kimya.

Wanyama wakapiga makofi. Kiboko akatabasamu, kisha akaona jinsi kila mmoja alivyokuwa ameukodolea macho ule msuko. Tabasamu likamtoka.

"Kindi! Umenilaghai!"

"Nimekulaghai, ndiyo! Na karanga zangu je?"

Kiboko akaushika mshikio wa tenga ajiinue. Pyu! Akabaki ameushika mkononi.

"Mzee," akasema Kima, "mbona huu unafungwa kwa nje? Ungefungwa kwa ndani, hivi." Akafunga, akaweka ukindu wake wa kijani. Kiboko akavuta, akavuta tena. Ng'o!

"Mwaka wa tatu nahangaika na mshikio huu!"

"Ungemuuliza nani, nawe umejifungia dukani?" Kima akamjibu.

Kindi alivusha karanga zilizobaki kabla ya mvua, haikudondoka hata moja. Na wageni waliofika kisimani wakawa wanauliza mwenye ukindu mwekundu anakaa wapi, kisha wanakwenda moja kwa moja dukani kwake. Hayakupita majuma mawili, Kiboko akaonekana kisimani alfajiri, peke yake, anarekebisha mfuniko wa Tenga la Wote. Akiulizwa, hujidai wazo la kurudisha maarifa kisimani lilikuwa lake tangu mwanzo!

Shikeni hili, wanangu: ukirudisha ulichokiboresha kwenye kilicho cha wote, utasaidiwa na mikono ambayo hukuiajiri.