Bakuli la Maji la Bi Mwanaesha

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, bali zamani hii ya karibu ambayo ukinyoosha mkono waweza kuigusa, palikuwa na klabu ya watu waliopenda kuendesha magari mahali pasipo na barabara. Milima walipanda, mito walivuka, na mara moja kwa mwaka walishuka pwani kwenye matuta meupe ya mchanga, wakashindana kwa furaha kama watoto waliofunga shule.

Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanaesha. Yeye na marehemu mumewe ndio walioianzisha klabu ile, wakiwa na gari moja tu, la kijani, lenye milango inayolia kama bata. Sasa macho ya Bi Mwanaesha yalikuwa yakififia. Watu aliwaona kama vivuli, na bahari aliiona kama mwanga uliolala chini. Gari lilikaa bandani hadi kuku wakaanza kutagia kwenye kiti chake, na jambo hilo lilimuuma kuliko macho.

Asubuhi ya mashindano ya mwaka ule, maji yakiwa yamekupwa mbali na upepo ukivuma kama pumzi ya mtoto aliyelala, aliwakusanya wanachama pale mchangani, kando ya gari lile lililokuwa limetolewa bandani.

"Wanangu, gari hili nataka kumpa mtu," alisema. "Atakayelichukua aliendeshe, na siku nikitamani mchanga, anipitie anilete. Nitapanda na kila anayelitaka, nimepakata bakuli la maji. Tutatoka hapa hadi kwenye bendera ile. Atakayenifikisha na maji mengi, ufunguo ni wake."

Wakajitokeza watatu.

Wa kwanza alikuwa Kadzo, ambaye hata chai huikoroga bila kugonga kikombe. Alipunguza upepo kwenye tairi zote nne ili zilale pana juu ya mchanga. Matuta hakuyagusa. Alishuka kwenye mchanga mgumu uliolowa, kando ya maji, akazunguka taratibu, na gari likaenda kama linaelea.

"Mwanangu, tumeshaondoka?" aliuliza Bi Mwanaesha.

"Tumeshafika, Bi Mkubwa."

Bi Mwanaesha akapapasa mdomo wa bakuli. Palipungua tone, labda mawili. Akamshukuru Kadzo kwa dhati, ingawa alijihisi kama mtu aliyelala safari nzima.

Wa pili alikuwa Shebwana, ambaye kicheko chake hufika kabla yake.

"Bi Mkubwa, bakuli lishike vizuri," alisema. "Na kofia yako pia."

"Sina kofia mimi."

"Basi shika kichwa."

Shebwana akaelekea moja kwa moja matutani. Gari lilipanda, likapanda, likapanda hadi pua yake ikatazama mbingu, kisha likatulia kileleni kidogo kama linalofikiri. Hapo Bi Mwanaesha aliona mwanga umemzunguka pande zote, mwanga mtupu, akajiona kama kifaranga ndani ya yai la nuru. Mara wakateremka. Maji yakamwingia machoni, shingoni, viatuni, naye akacheka. Akacheka hadi waliokuwa mbali wakanyamaza kumsikiliza, maana tangu amzike mumewe hawakuwahi kumsikia akicheka vile.

Walipofika, bakuli lilikuwa na maji ya kunywesha kuku mmoja, na chini ya gari kitu kiligonga ngo, ngo, ngo. Ilikuwa bolti iliyolegea. Wakaikaza.

Wa tatu alikuwa Kitsao, mwanachama mpya. Wenzake walimwita Nanga, kwa sababu kila safari alikuwa na mahali pa kukwama.

"Nanga, tukuletee chakula cha mchana huko huko?" wakamtania.

"Leteni na chumvi," alijibu.

Na kweli, hakufika hata nusu ya njia. Tairi zikazama kwenye mchanga laini. Akazima gari. Kukawa kimya, sauti ya bahari ikisikika kwa mbali kama mtu anayepepeta mchele.

"Bi Mkubwa, nimekwama," alisema Kitsao. "Wewe umejinasua kwenye mchanga huu maisha yako yote. Ungefanyaje?"

"Ningerudi nyuma juu ya alama zangu mwenyewe, polepole, bila kukanyaga mafuta kwa pupa."

"Basi nipe bakuli, njoo ukae hapa uturudishe."

"Wewe, mimi sioni."

"Hakuna cha kugonga hapa ila mchanga. Ukishatoka, mimi nitatangulia kwa miguu. Shati langu ni jeupe. Lifuate."

Bi Mwanaesha akakaa kwenye usukani. Mikono ikaupapasa, kisha ikakumbuka. Gari likarudi nyuma, likajinasua. Mbele yake kikatokea kivuli cheupe kikitembea pekupeku, kikipima ugumu wa mchanga kwa nyayo, na mikononi kimebeba bakuli. Akakifuata kama mtu anayeendesha ndani ya ndoto yake ya zamani, mpaka penye bendera. Bakuli lilikuwa limejaa vilevile.

Hapo ubishi ukaanza.

"Maji yangu yalikuja na gari," alisema Kadzo. "Ya Nanga yamekuja kwa miguu."

"Sharti lilikuwa Bi Mkubwa afike na maji yafike," alisema Kitsao. "Kufika kwa vipi, halikusema."

"Umekwama, bwana. Akitamani mchanga, wewe utamwendesha au yeye atakuendesha?" aliuliza Shebwana. "Mimi maji nimemwaga, sikatai. Lakini nani amemchekesha? Gari hili liliundwa kupanda matuta, halikuundwa kubeba bakuli."

"Na utalivunja kabla ya mwaka kuisha," alisema Kadzo. "Mimi nitalitunza, na yeye pia nitamtunza. Kitsao, je, siku asipoona hata shati lako?"

"Nitatangulia nikiimba. Atafuata sauti."

Wote wakamgeukia Bi Mwanaesha. Mmoja alikuwa amemfikisha salama, mmoja alikuwa amemrudishia kicheko, na mmoja alikuwa amemrudishia usukani. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Akaunyoosha kuelekea vile vivuli vitatu, na mkono ukabaki hewani.

Nanyi mliokuwa mkisikiliza, usaidieni mkono huo ushuke. Je, kati ya Kadzo, Shebwana na Kitsao, nani alistahili?