Doti ya Siwatu

Hapo zamani, si zamani sana, maana kanga nitakayoitaja bado haijapauka, Siwatu alijifungua mtoto wa kiume, akawekwa ndani siku arobaini. Kwao mzazi hazungumzi na wageni. Yule anayemtunza ndiye humsemea. Na aliyemtunza Siwatu ni mkwewe, Bi Hidaya, mwanamke asiyekosa jibu.

Akaja nesi Paskalina wa zahanati, na maswali anayowauliza wazazi wote.

"Siwatu, unacheka kama zamani?"

"Anacheka mpaka tunamnyamazisha," akajibu Bi Hidaya.

"Mtoto akilala, nawe unapata usingizi?"

"Analala fofofo."

"Kuna kinachokutia hofu?"

"Aogope nini, na mimi nipo?"

Siwatu alisikiliza habari za mwanamke huyo mwenye raha, akamwonea wivu. Yeye hakuwa amecheka tangu ajifungue. Akimtazama mwanawe aliona ni mtoto wa watu, kaletwa kwake kwa makosa, na kwamba angelelewa vizuri zaidi kama yeye hayupo. Lakini mzazi hazungumzi.

Nesi akarudi wiki iliyofuata. Akaambiwa Siwatu anacheka zaidi, analala zaidi. Akashukuru, akaenda zake, asisadiki hata neno. Akarudi tena.

Safari hii, kabla hajauliza, jirani yao Bi Mwanakombo akapaza sauti uani: "Nani katia kufuli kisima? Mnataka tunywe mate?"

Bi Hidaya hajapata kumwachia Mwanakombo neno la mwisho. Akatoka mbio.

"Siwatu, unacheka?" akauliza nesi.

Siwatu akangoja ajibiwe. Wa kumjibia yuko uani, anagombana.

"Hapana," akasema mwenyewe. Kisha akalia, akasema yote, hata lile la kutamani kufa.

Akapelekwa hospitali. Akatibiwa, akazungumza na watu wanaojua kusikiliza, na polepole moyo ukamrudia. Siku moja mtoto alimkojolea mgeni mwenye kanzu nyeupe. Siwatu akacheka, nyumba nzima ikanyamaza kumsikiliza.

Basi, kwao mzazi akitoka ndani humpa doti ya kanga yule aliyemtoa. Ni doti moja kwa mtu mmoja; kuigawa vipande ni kuwatukana wawili.

"Yangu," akasema nesi. "Nilifukuzwa kwa majibu matamu, na bado nikarudi."

"Yangu," akasema Mwanakombo. "Bila mdomo wangu, hata leo ungekuwa unajibiwa na huyu."

"Wewe ulifuata maji, hukumfuata mgonjwa."

"Na kiu yangu ndiyo iliyomponya."

Bi Hidaya hakudai doti, jambo lililowatisha wote. Siwatu akamgeukia. "Mama, kwa nini ulisema nacheka?"

"Niliogopa watasema mwanangu kaoa mwendawazimu, wakunyang'anye mtoto."

"Kumbe ulijua?"

Bi Hidaya akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akauweka mkekani. "Kufuli la kisima nililitia mimi, tangu asubuhi ile nilipokukuta umesimama pale bila ndoo."

Siwatu akashika doti, akawatazama mmoja mmoja, asijue ampe nani.

Haya, nyie hodari wa kuhukumu watu msiowajua, msaidieni. Yuko aliyeuliza asichoke, yuko aliyegombana asijue, na yuko aliyemfunga kinywa akafunga na kisima. Je, doti alistahili nani?