Ufunguo wa Gari la Mzee Mwakio

Tulieni hapo, nina kesi ya kuwaachia leo, na msitarajie niwasaidie kuiamua. Mimi mwenyewe imenishinda.

Katika vilima vya Taita, kule juu Wundanyi, palikuwa na mzee aitwaye Mwakio na watoto wake watatu. Mwadime, mkubwa wao, alikuwa fundi wa kupiga magari rangi; bati lililochakaa likipita mikononi mwake, ungedhani limetoka kiwandani jana. Mghoi, wa pili, alikuwa fundi cherehani, na hakuna kitambaa kilichomsumbua. Wakesho, kitinda mimba, hakuwa na ufundi wa kujivunia. Alijua kusafisha tu. Lakini alichokisafisha Wakesho kilitakata.

Mzee alikuwa na gari la zamani, lililomzidi Mwadime umri. Dashibodi yake ilikuwa ya bati la rangi ya maziwa, na mama yao, Mkamburi, alipenda kuiona iking'aa. Basi kila Jumamosi Wakesho aliipaka mafuta ya nazi na kuisugua mpaka mama acheke. "Mwanangu, hapa naweza kusukia nywele bila kioo!" Majirani walisifu, na Mwadime akasifu. Hakuna aliyejiuliza mng'ao wote ule ungekwenda wapi jua likiuangukia.

Ulikwenda kwenye kioo cha mbele. Asubuhi moja mzee na mkewe waliteremka kwenda Mwatate, na jua likawapiga usoni penye kona kali. Dashibodi nzima ikajichora kwenye kioo, nyeupe, ikaifunika barabara. Mzee hakuiona kona. Gari lililalia mtaroni upande wa abiria. Kioo cha mbele kilisalimika, Mkamburi hakusalimika.

Gari likanyooshwa, likafungiwa bandani. Mzee hakuligusa mpaka siku aliyowaita wanawe.

"Nataka kuliendesha mwenyewe mpaka pale konani, asubuhi vilevile, nimwekee mama yenu maua," alisema. "Lakini sitakubali kupofuka tena. Atakayenifanya niione barabara, gari ni lake."

Akaanza Mwadime. Aliikwangua ile rangi ya maziwa, akapiga nyeusi isiyong'aa, hata pete za nikeli zinazozunguka mita ya mwendo akazipaka zisimete. Mzee akaketi kwenye usukani, gari limeelekezwa kwenye jua. "Imepungua," akasema, "lakini kwa juu bado panameta."

Akafuata Mghoi. Alikuwa na gauni la mama la mahameli nyeusi, kitu pekee alichobakiwa nacho. Alilikata huku machozi yakimtoka, akashona kifuniko kilichoikaa dashibodi kwa juu vizuri kila pembe. Mahameli iliumeza mwanga. Mzee akaketi tena. "Afadhali sana, binti yangu," akasema. "Lakini kioo chenyewe kina ukungu. Jua likikigonga sioni mbele."

Wakesho akapitisha kidole kwa ndani ya kioo, akakinusa. Mafuta ya nazi. Kumbe Jumamosi zote zile, akishamaliza dashibodi, kitambaa kilekile ndicho alichokipangusia kioo! Alileta maji ya moto, sabuni, siki na magazeti, akasugua mpaka vidole vikachubuka, kioo kikawa kama hakipo.

Mwadime alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, naye ameisikia harufu ya nazi. "Kwa hiyo ni wewe uliyempofusha baba," akasema. Mzee alikuwa nyuma yake, akasikia, akaenda zake ndani.

Asubuhi iliyofuata waliteremka wote wanne. Jua likawapiga palepale. Mzee aliiona barabara yote: mawe, majani ya kando, mtaro. Akasimamisha gari, akaweka maua yake, akalia kwa sauti mbele ya wanawe.

"Naona," alisema. "Laiti ningeona siku ile."

Kisha akachomoa ufunguo, na maneno yakaanza hapohapo.

"Bila rangi yangu, baba, kitambaa kisingefaa kitu," alisema Mwadime. "Kingefunika juu tu, na mbele pangeendelea kung'aa."

"Wewe umetoa rangi," akajibu Mghoi. "Mimi nimetoa gauni la mama. Rangi hununuliwa. Gauni lile nitalipata wapi?"

"Na Wakesho?" aliuliza mzee.

"Wakesho amesafisha uchafu wake mwenyewe," alisema Mwadime. "Kwa hilo anadai zawadi?"

Mghoi akamgeukia. "Na wewe, fundi wa rangi, hukujua kitu king'aacho humfanya nini dereva? Mbona ulikuwa ukisifu?"

Mwadime akaligeuzia gari mgongo.

Wakesho hakudai chochote. Gari angelifanyia nini, naye hajui kuendesha? Alichotaka ni mkono wa baba umwekee ule ufunguo kiganjani, ajue kwamba bado ni mwanawe. Tangu jana baba hakuwa amemtazama.

Mzee aliugeuza ufunguo mkononi. "Nilisema atakayenifanya nione," alinong'ona. "Na hakuna aliyeweza peke yake." Ndipo akainua macho, akamtazama Wakesho.

Mimi nawaacha hapo barabarani, mzee na ufunguo wake, na wanawe watatu wakimsubiri. Je, wewe ungempa nani? Na kama si Wakesho, basi ungemwambia nini?