Kiti Kimoja cha Ndiva

Aliyemwambia Nakiete kwanza alikuwa Elinisafi, mke wa katibu wa maji. Walikuwa wamechuchumaa mtoni wakiosha tangawizi, na Elinisafi alisema bila kuinua uso.

"Mama Upendo, unajua kuwa tumeshakosa vikao viwili?"

"Vikao vya nini, dada?"

"Vya ndiva. Nimeona leo kwenye simu ya mume wangu. Tukikosa cha tatu, Alhamisi yetu wanapewa watu wa bondeni."

Nakiete aliliachia pande la tangawizi likachukuliwa na maji.

Asiyejua ndiva na ajue: ni bwawa la mlimani. Usiku linajaa, asubuhi mlango wake unafunguliwa, maji yanateremka mashambani, na kila kikundi kina siku yake. Wanawake wa tangawizi, watu thelathini na mmoja, siku yao ni Alhamisi. Bila Alhamisi hawana shamba, wana vumbi. Zamani vikao viliitwa kwa baragumu. Likipulizwa, hata aliye jikoni anasikia. Kisha mradi mmoja wa maji ukaleta kalenda ya kwenye simu, na kamati ikalitundika baragumu ukutani. Kalenda ikawekwa kwenye simu saba, zote za wanaume. Ukiuliza, unajibiwa, "Tangazo limetoka." Limetoka, sawa. Limekwenda wapi?

Sasa wajueni wanawake watatu. Elinisafi alikuwa na macho: kilichofichwa chini ya mkeka alikiona akiwa mlangoni. Nakiete alikuwa na mikono yenye subira: uzi uliomshinda kila mtu, yeye aliufundua. Bi Zaina, kiongozi wa kikundi, alikuwa na neno: akisema, mlima mzima ulinyamaza.

Elinisafi hakungoja. Mchana ule ule alimwekea mume wake chakula, akasimama mbele yake.

"Baba Amani, kalenda hii ni ya nani?"

"Ya kamati."

"Kanuni inasema vikao ni vya wote wanaotumia maji. Mimi shambani natumia maji au natumia mate?"

Akaichukua simu pembeni ya sahani, akabonyeza palipoandikwa "shiriki", akaingiza anwani ya kikundi huku mume anamtazama.

"Wewe mwanamke, utanifukuzisha ukatibu!"

"Na wewe ulikuwa unanifukuzisha shamba. Kula, ugali unapoa."

Siku tisa mume hakumsemesha. Chakula alikwenda kula kwa mama yake. Elinisafi hakuomba radhi, na kalenda haikufungwa tena.

Lakini kalenda iliyo wazi ni kama kisima kisicho na njia. Kati ya wanawake thelathini na mmoja, ni wanne tu waliojua kuifungua. Walichojua wote ni kundi lao la simu, lile la salamu, la picha za watoto na la kuulizana nani ana mbegu. Watu wakasema, basi mmoja wetu awe ananakili. Nakiete alilifikiria hilo, akalikataa. Anayenakili anaweza kusahau. Anaweza kuugua. Zaidi ya hayo, anaweza kutishwa, na kilichounganishwa hakitishiki.

Alikuwa ameishia darasa la saba. Kwenye simu yake alikuta programu ya kuziunganisha programu nyingine, isiyomtaka mtu awe fundi wala aandike lugha ya kompyuta. Ilikuwa na visanduku viwili tu. Cha kwanza kilisema: likitokea hili. Cha pili kikasema: fanya hili. Katika cha kwanza akaweka, "Kikao kikiandikwa kwenye kalenda." Katika cha pili akaweka, "Tuma siku, saa na mahali kwenye kundi." Alibonyeza kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mwanawe Upendo anayenyonya. Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Siku ya tatu kikao kimoja cha majaribio kilitumwa mara kumi na moja mfululizo, mpaka Bi Zaina akauliza kundini, "Nani huko amepandwa na jini?" Siku ya sita ujumbe ukaingia mara moja, safi. Wanawake wakampa yule mjumbe asiye na miguu jina la Tarishi.

Kisha Jumatatu moja akafariki mama mkwe wa mwenzao.

Hawa wanawake wana desturi yao. Ukiingia msiba, Bi Zaina hulifunga kundi siku tatu. Haandiki mtu ila kiongozi, naye huandika habari za msiba tu, mfiwa asije akaamka na kukuta watu wanachekeshana. Hakuna aliyekumbuka kwamba Tarishi si kiongozi. Jumanne asubuhi Mgonja, mwenyekiti wa kamati, akaandika kwenye kalenda kikao cha Jumatano saa mbili. Tarishi akabisha hodi, akakuta mlango umefungwa. Kwenye simu ya Nakiete ikatokea alama nyekundu: imeshindikana.

Alikwenda msibani mbio, mtoto mgongoni. Wanakikundi waliokuwapo hawakuzidi wanane. Wengine walikuwa makwao, ng'ambo ya milima. Nakiete, ambaye mbele za watu sauti humkauka, aliinama kwenye sikio la Bi Zaina.

"Bi Zaina, fungua kundi."

"Mwanangu, maiti bado iko ndani."

"Kikao ni kesho. Hiki ndicho cha tatu."

Bi Zaina aliitoa simu yake. Miaka kumi na moja hakuwahi kulifungua kundi kabla ya matanga kwisha. Wazee wa kike jamvini walimwangalia simu mkononi, na mmoja akasonya. Bi Zaina akasimama.

"Mfiwa, nisamehe. Marehemu alilima kwa maji ya Alhamisi miaka arobaini. Leo namzika yeye. Alhamisi yake siiziki."

Akalifungua kundi. Nakiete akabonyeza "tuma tena". Simu zikaita ng'ambo ya milima. Hadi leo wapo wanaompita Bi Zaina njiani bila kumwamkia.

Jumatano saa mbili wakaingia ofisi ya kamati wanawake thelathini na mmoja, wengine bado na kanga za msiba. Viti havikutosha, wakakaa chini mpaka mlangoni.

"Kumbe mnajua kusoma kalenda," alisema Mgonja.

"Hatuisomi," akajibu Bi Zaina. "Inatusomea."

Alhamisi ikabaki kwao. Katibu, mume wa Elinisafi, akasoma kanuni kwa sauti ya chini: kikundi kikihudhuria chote, kinastahili kiti kimoja kwenye kamati, na atakayekikalia atashika ufunguo wa mlango wa ndiva siku ya zamu yao. Mgonja akatoa karatasi yenye mstari mmoja.

"Jina moja. Kesho saa mbili. Lisipoletwa, kiti tutakijaza wenyewe."

Njiani kuteremka maneno yakawaka.

"Elinisafi," walisema wengine. "Asingeifungua kalenda, Tarishi angebeba nini?"

"Nakiete. Kalenda wazi bila Tarishi ingemfaa nani?"

"Bi Zaina! Tarishi alikwama mlangoni kama mgeni. Nani alimfungulia?"

Elinisafi alisema, "Mimi nimelipa kwa nyumba yangu." Bi Zaina alisema, "Mimi nimelipa kwa heshima yangu." Nakiete alikaza mbeleko ya Upendo. Alichofanya hakikumgharimu nyumba wala heshima, kilimgharimu siku sita tu. Ila kazi ilikuwa kazi, na moyoni aliutaka ufunguo ule, aliutaka sana. Walifika mashambani bila jina. Karatasi wakamwachia yeye, maana mwandiko wake unasomeka.

Asubuhi iliyofuata Nakiete aliingia ofisi ya kamati peke yake, Upendo mgongoni. Mgonja akanyoosha mkono, akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Jina liko wapi?"

"Bado."

"Basi kiti ni chetu."

Nakiete, ambaye hakuwahi kuwaambia wanaume wale zaidi ya shikamoo, alikivuta kiti kilichokuwa kitupu, akamhamishia mtoto mapajani, akakaa.

"Sikichukui, Mwenyekiti. Nakishikilia. Mwenyewe akipatikana nitanyanyuka."

"Aliyekaa ndiye mwenyewe."

"Hilo wataamua wenzangu, si wewe."

Mgonja akaiweka karatasi mezani. Nje, sauti za wanawake zilisikika zikipanda mlima.

Nanyi mliosikiliza, msiniangalie mimi. Mmoja alifungua kilichofichwa, mmoja akakiunganisha, mmoja akakipitisha palipozibwa. Na huyu aliyekaa, je, amewalindia wenzake au amewatangulia? Mstari ni mmoja, kalamu hii hapa: wewe ungeandika jina la nani?