Uwanja wa Mama Yake Mwinyikondo

Tajiri Mwinyikondo aliuziwa uwanja wa watoto uliobaki tangu enzi za Ujamaa, akaleta katapila ili ajenge ghorofa. Wakazi waliziba njia. Zamoyoni, fundi viatu wa mtaa, aliwasihi wapishe.

“Jenga tu, bosi,” alisema. “Ila kwanza tumsomee hitima marehemu mama yako, maana alikulelea hapa. Tuweke na jiwe lenye jina lake. Ni la kuagia tu, kesho utaling'oa.”

Mwinyikondo alifurahi kuona fujo imeisha, akachinja ng'ombe na kuwaita wajomba zake wote.

Kesho yake katapila liliwashwa. Wajomba walikuwa bado wamelizunguka jiwe, wakinywa chai.

“Mpwa wangu,” aliuliza mjomba mkubwa, “unaanza kumbomoa dada yangu upande gani?”

Zamoyoni aliwasogeza wakazi pembeni. “Pita, bosi. Njia nyeupe.”