Mioyo Elfu ya Fisi

Kiangazi cha mwaka ule mto ulikauka, mbuga ikawa na upara kama kichwa cha tai, na nzi peke yao ndio walionenepa. Punda milia walikonda hadi mistari yao ikakaribiana, lakini hawakufa, kwa sababu ya desturi ya mababu zao. Walisimama wawili wawili, huyu akielekea huku na yule kule, kila mmoja ameegemeza kidevu mgongoni kwa mwenzake. Mkia wa huyu ulimfukuzia yule nzi usoni, na macho ya yule yalimlindia huyu mgongo.

Kidoti, aliyekuwa bado mchanga na mwenye jicho la kushoto linalotoa machozi, alisimama na shoga yake Sikitu. Kila nzi alipolikaribia jicho lile, mkia wa Sikitu ulifika kwanza, wala Sikitu hakuwahi kusema amechoka.

Desturi hiyo ilimtesa Fisi. Kila alikonyatia alikuta macho yanamtazama. Alilala njaa siku sita. Siku ya saba akaokota gunia la simu kwenye kambi waliyoihama wageni, akailamba moja akidhani ni ini. Ikawaka, ikamwonyesha uso wake mwenyewe, naye akautazama mpaka jua likazama. Ndipo akili ikamjia.

Kesho yake alizitundika kwa kamba kwenye miiba ya migunga, mti mmoja simu moja.

"Bure kabisa, wanangu," alisema. "Bofyeni kwa pua. Jipigeni picha, wenzenu wawape mioyo."

Mwenye akili akiona fisi anagawa, hujiuliza anakusanya nini. Vijana wa punda milia hawakujiuliza. Kila mmoja alichagua mgunga wake, akaipa dunia makalio.

Siku ya kwanza Sikitu alipata mioyo mia tatu kwa ajili ya kope zake. Kidoti alipata minne, na mmoja ulikuwa wa mama yake.

"Shoga, njoo tusimame kidogo," Kidoti alimwambia. "Jicho linaniwasha."

"Nakuja, shoga. Namalizia hii tu."

Alisema hivyo asubuhi. Jioni alikuwa bado anamalizia. Jicho la Kidoti likavimba, nzi wakaligeuza ukumbi wa harusi, naye akawa anajipiga picha za upande wa kulia tu, akijiuliza ana kasoro gani hata asipendwe.

Ndipo alipojitokeza mmoja aliyejiita Rafiki Mwema. Kila picha ya Kidoti aliipa moyo. Akamtumia na sauti, laini kama mafuta: "Mrembo wangu, una mapaja mazuri kuliko wenzako wote. Njoo korongoni ukapige picha, kuna majani mabichi. Njoo peke yako, wenye wivu wasikuharibie."

Sifa hiyo ya mapaja ingemshtua yeyote mwenye rafiki wa kumsimulia. Kidoti hakuwa na wa kumsimulia. Akaenda.

Korongoni hapakuwa na jani hata moja. Fisi alitoka kwenye kona, akaziba njia. Nyuma yake, juu ya mwamba, paja zima la nyati lilikuwa limeanikwa.

"Kumbe wewe ndiye Rafiki Mwema?" Kidoti aliuliza, akirudi nyuma.

"Wema haufichiki, mwanangu."

Lakini Fisi hakumrukia. Tangu siku ile aliyolamba simu alikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa wake, na nyama isiyotazamwa na watu haikumshuka tena kooni. Aliisimamisha simu yake juu ya jiwe, akajirusha hewani moja kwa moja, mbuga nzima imwone. Alimwonyesha Kidoti mara moja, kisha akairudisha simu kwenye uso wake mwenyewe, maana hakupenda kukaa mbali nao.

"Wapenzi watazamaji, leo nala kitu laini. Nipeni mioyo elfu kwanza, ndipo niume."

Chini ya mgunga wake, Sikitu aliona. Mioyo yake mia tatu ilimtoka akilini papo hapo. Aliikata kamba kwa meno, akakimbia na simu mdomoni hadi kwa Sungura.

"Sungura, Kidoti analiwa."

Sungura alitazama. "Lile paja la nyati nyuma yake ni la nani?"

"Paja gani? Mimi nakwambia habari za Kidoti."

"Nami nakwambia habari za paja. Twende kwa Mzee."

Simba alikuwa amejitundikia simu tatu, apate kuyaona manyoya yake pande zote. Sungura akainama.

"Mzee, leo Fisi yuko korongoni, anapendwa kukuzidi. Tena amejipamba kwa nyama inayofanana na ile uliyoibiwa juzi."

Haijulikani ni neno lipi lililomuuma zaidi. Simba aliondoka mbio. Sungura akabaki akibofya kwa pua: "Mfalme Fisi, usiume bado. Watazamaji wanakuja."

Fisi alisoma, akacheka. Mia saba. Mia nane. Kidoti, mgongo umegota kwenye ukuta wa korongo, alimwona Simba akiingia taratibu nyuma ya Fisi. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini tangu azaliwe alifundishwa kwamba ukisimama na mwenzako, mgongo wake ni amana yako, na malezi hayangoji akili.

"Nyuma yako, mjomba," alisema.

"Acha hizo. Babu yangu alidanganywa hivyohivyo, akakosa mlo."

"Kweli, mjomba."

"Mia tisa tisini na tisa," Fisi alisema, macho yamemtoka. "Nyamaza, naona bado mmoja anakuja."

Na kweli, mmoja alikuwa anakuja.

Moyo wa elfu uliingia baadaye kidogo, wakati hapakuwa tena na wa kuuhesabu. Simba aliinama kwenye simu kuangalia kama manyoya yake yametoka vizuri, na Kidoti akapenya pembeni yake, akatimua mbio.

Alikutana na Sikitu njiani.  Sikitu aligeuka tu, akaweka kidevu chake mgongoni kwa Kidoti, na nzi wa kwanza aliyelikaribia jicho la kushoto akakutana na mkia.

Tamaa mbele, mauti nyuma.