Ukikaribisha Jitu

"Ukikaribisha jitu, badili kijiko." Ndivyo alivyowaambia mwenyekiti jana, mlipotaka kuunga mashine kubwa ya kukoboa kwenye ule waya mwembamba wa umeme, nanyi mkacheka mkidhani ni utani. Si utani, wanangu. Ni methali ya huku kwetu milimani Mgeta, na ilizaliwa barabarani. Sogeeni niwaeleze.

Alikuwako dereva aitwaye Kobelo. Pikapu yake ndiyo iliyokuwa ikipandisha watu na mizigo kutoka Morogoro mjini, lakini injini ilikuwa imechoka. Masika moja mama mjamzito alijifungulia kando ya njia, kwenye matope, kwa sababu gari lilishindwa mlima. Tangu siku hiyo Kobelo hakupata raha. Akatafuta injini nyingine ya petroli iliyotumika, yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuishindilia injini hewa kwa nguvu.

Injini ilifika bila nozeli zake za kupulizia mafuta. Fundi Chaurembo wa mjini akaifunga, akaweka kwa muda nozeli za injini ya zamani ili aijaribu. Ikanguruma. Kobelo akapiga makofi.

"Imewaka, kaka, lakini bado," fundi akamwambia. "Nozeli hizi ni ndogo, na pampu ya mafuta ni ile ile ya zamani. Nimeshaagiza zinazolingana na injini hii. Izungushe hapa uani ukipenda, ila mlimani usiende nayo."

Mkewe Kobelo, Skolastika, alikuwa amesimama pale pale. Aliyasikia yote.

Siku iliyofuata mama yake Kobelo, Bi Veneranda, aliruhusiwa kutoka hospitali. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani, na lile la pili ndilo lililopasuliwa, limefungwa bandeji. Kobelo akaenda kulichukua gari.

"Baba Faustini, fundi alisema nini?" Skolastika akamuuliza.

"Fundi ni mwoga. Unataka mama akalale wapi, uani kwa Chaurembo?"

Skolastika akamshika mama mkwe mkono, akamketisha katikati, naye akakaa mlangoni. Nyuma walikuwa wamepakia magunia ya mbolea.

Tambarare ilikwenda vizuri. Hata mlima ulipoanza, gari lilipanda kama halina mzigo. Kobelo akalipita lori, akaanza kuimba. Skolastika yeye hakuimba. Kila walipokunja kona alijikuta anakanyaga sakafu, kana kwamba breki iko upande wake.

Ndipo akasikia sauti. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, kama bisi zinazolipuka ndani ya sufuria. Kobelo akikanyaga mafuta, sauti inazidi; akiachia, inapungua.

"Unasikia?"

"Injini ngeni hiyo. Inajizoesha."

Lakini alikuwa ameacha kuimba. Upande wa kulia, chini ya ukingo wa barabara, vilionekana vilele tu vya migomba.

"Skola," Bi Veneranda akasema, "mbona unanibana mkono hivi?"

"Ni barabara, mama. Ina mawe."

Hata hawajaimaliza kona, kishindo kikapiga, moshi ukafunika kioo, injini ikazima. Gari likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma. Kobelo akakanyaga breki. Injini ikiwa imezimika, breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Akavuta breki ya mkono, gari likazidi kuteleza kwa uzito wa mbolea.

"Mama Faustini, ruka!"

Skolastika akaruka. Hakukimbia. Akanyanyua jiwe akalitupa nyuma ya gurudumu, likasukumwa kama kokwa. Akalikumbatia jingine kubwa, akaliburuta huku akilia jina la Bikira Maria, akalisukumizia chini ya tairi na kuchomoa vidole vyake. Gari likapanda jiwe, likasita, likatulia. Gurudumu la upande wa pili lilikuwa limeshakanyaga majani ya ukingoni.

Mle ndani Bi Veneranda akauliza, "Tumefika?"

Hapo ndipo Skolastika alipoketi barabarani, akalia kwa kwikwi.

Gari lilivutwa mpaka kijijini. Chaurembo alipopanda kuja kuifungua injini, bandeji ya bibi ilikuwa imetolewa. Bibi naye akaja kutazama. Fundi akatoa pistoni. Juu yake palikuwa na tundu, kingo zake zimeyeyuka kama nta.

"Hii imechomwa na nini?" bibi akauliza.

"Na moto wa injini yenyewe, mama. Tabo inaleta hewa nyingi, nozeli ndogo zinatoa mafuta kidogo. Vitu hivyo visipolingana injini inachemka kupita kiasi, chuma kinayeyuka."

Bi Veneranda akaishika ile pistoni, akaigeuzageuza.

"Kumbe mlikaribisha jitu, mkalilisha kwa kijiko cha mtoto."

Hakuna aliyecheka. Kobelo akapiga goti. "Nisamehe, mama. Nusura nikuue."

"Mwombe mkeo," bibi akamjibu. "Mimi sikuona kitu. Aliyeona ni yeye, na alisema."

Kobelo akamgeukia Skolastika mbele ya fundi na majirani. Akaishika ile mikono iliyochubuka, akainamisha kichwa juu yake. Skolastika akasema, "Safari hii tutangoja."

Wakangoja. Pistoni ikabadilishwa, zikaja nozeli za kulingana na injini, pampu yake nayo ikaja, na Chaurembo akalipandisha gari mlimani yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu funguo. Gari lile likabeba wajawazito wengi, na hakuna aliyejifungulia njiani tena. Na huku kwetu, mtu akitaka kuleta kikubwa bila kuandaa cha kukitosha, hatumgombezi. Tunamwambia tu: ukikaribisha jitu, badili kijiko.